Mkasi Uko Dirishani

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo anakuja mtu kununua cherehani yangu na mimi sijasema naiuza.

Mimi ni fundi nguo, mjane, nina kisukari, nashonea sebuleni, na kule kliniki nesi wetu alitufundisha sisi kina mama kwamba dawa peke yake haitoshi, mwili unataka kutembea, na mwenye kazi ya kukaa asikae mpaka akaota mizizi, basi nikarudi nyumbani nikaweka mkasi dirishani, pasi jikoni, nyuzi kwenye kabati la chumbani, ili kila nikihitaji kitu niinuke, wateja wakanicheka, “Fundi, umechanganyikiwa?” nikawajibu ndiyo, na sukari yangu ikaanza kushuka vizuri. Ila binti yangu ninayeishi naye, yeye anauza viatu dukani, aliona ninavyozunguka akanionea huruma, akanipangia kila kitu mezani, “Haya Mama, sasa huinuki hata kidogo!” na alivyofurahi nilishindwa kumwambia, maana baba yake alianguka kazini hakuamka tena, tangu hapo mtoto huyu akiona jasho langu anaona jeneza, kwa hiyo akitoka asubuhi narudisha mkasi dirishani, jioni naurudisha mezani, halafu natoka kutembea na wenzangu wa kliniki, mimi ndiye ninayewapitia milangoni, mwenzetu muuza mboga akijifanya amelala namgongea mpaka atoke, sasa juzi binti akafunga duka mapema akatukuta barabarani, nimevaa ndala, jasho linanitoka, akalia mbele za watu, “Mama, unataka niwazike wote wawili?” Ndipo akasema cherehani iuzwe nipumzike. Na sijamwambia kwamba ndala zimenitoa lengelenge kidoleni. Je, nimtii mwanangu?

Fundi wa Sebuleni

Mshauri anajibu:

Fundi, barua yako nimeisoma mara ya pili nikiwa nimesimama, maana kiti kilinitia aibu.

Wangapi wanamsikiliza nesi, wanatikisa kichwa, kisha wanarudi kwenye kochi? Wewe ulilichukua somo lile ukalikata kwa kipimo cha nyumba yako mpaka likakukaa. Na bado unawatoa wenzako ndani! Nakuvulia kofia, na muuza mboga pia, hata kwa kujifanya amelala.

Tumezoea kudhani kwamba kumheshimu mama ni kumkalisha. Tunamletea kiti, mto na soda baridi, kisha tunashangaa ugonjwa umempanda. Huo ni upendo, sikatai, lakini ni upendo usiojua kitu.

Sasa nikugombeze. Unaficha afya yako kama mwizi anayeficha godoro! Unaishi na muuza viatu, halafu unatembea na ndala! Lengelenge kwa mwenye kisukari si jambo la kufumbia macho. Watu wamepoteza miguu kwa vidonda vidogo kuliko hilo. Kesho asubuhi uende kliniki ukaoneshe mguu huo, na barabarani usirudi mpaka nesi akuruhusu. Muulize pia ubebe nini mfukoni sukari ikishuka ghafla njiani.

Na usiende peke yako. Binti yako si mkaidi, ni mtoto aliyezika baba na hakuna aliyemfundisha. Hapo nawalaumu wanaotoa elimu ya afya kwa mgonjwa na kuwasahau wanaomzuia asiinuke. Akae benchi moja na wewe, amsikie nesi kwa masikio yake, aulize hofu zake zote. Mkitoka hapo mwambie: “Mwanangu, kiti sikitaki. Nitafutie viatu vya kufunga visivyobana.” Atalia tena, lakini atajua kipimo chako.

Kumtii, hapana. Kumficha, hapana vilevile. Jumamosi mnunuzi akija, mkaribishe kwa adabu, mwambie cherehani haiuzwi na fundi ana kazi. Kisha, binti akiwa hapo hapo anakutazama, inuka ukachukue mkasi dirishani.