Spana ya fundi mkuu

Shoga, nimejifungia stoo nicheke, mbavu zinaniuma.

Unaikumbuka ile spana ya fundi mkuu, yenye mikato mitatu ya msumeno? Ile anayonisimanga miezi mitatu sasa kwamba nimeipoteza, mpaka akataka nitolewe karakana?

Leo transfoma ya pampu ya maji imerudi imeungua. Tuliitengeneza sisi wenyewe, miezi mitatu iliyopita. Hata hajaifungua, tayari anasema, "Radi hiyo." Kwake kila kitu ni radi, si unamjua.

Tukatoa mafuta, tukainua koili kwa winchi. Spana hiyo hapo. Imeteleza ikabana katikati ya koili, nyeusi tii. Na mikato mitatu. MITATU.

Na kifuniko cha transfoma siku ile alikifunga yeye, eti sisi hatujui kufunga.

Akaishika, akaigeuza, akaigeuza tena. Halafu kwa sauti ya chini: "Radi ina nguvu sana."

Ndiyo nikakimbilia huku.

Sasa namchungulia. Anaandika ukutani kwa chaki: "Hesabu spana kabla ya kufunga."

Ngoja, anagonga mlango.

Kasema, "Binti, toka. Njoo uanze kuhesabu zangu."