Jina la Kaari Katika Sherehe ya Nishani

Kambi ya Polisi, Embu
5 Machi 1955

Kwa dada yangu Kaari,

Nakusalimu wewe na watoto. Mimi mzima, ila goti la kulia bado limevimba tangu siku ile ya mto. Je, shemeji yangu ameandika kutoka kizuizini Manyani?

Nina habari. Kuna sheria mpya: askari aliyeonyesha ushujaa atavishwa nishani hadharani, katika eneo lile lile alilofanyia tendo lake, na maelezo yake yatasomwa kwa sauti, kwa Kiingereza na kwa Kimeru. Jina langu limekubaliwa. Ni kwa ajili ya asubuhi ile ya Januari, tulipowavizia watu wa msituni kwenye kivuko cha Thingithu, nikamvuta askari mwenzangu Njeru kutoka majini huku risasi zikitupita. Wale watatu walikufa, unajua. Sherehe itakuwa huko Nkubu, Jumamosi tarehe 30 Aprili. Watu wote wataamriwa kuhudhuria.

Karani aliyeandika maelezo yangu aliniuliza tulijuaje kwamba wangevuka pale. Nikakutaja. Baba alitulea hivyo: anayerina asali bila kumtaja aliyewaona nyuki ni mwizi. Sikutaka kula sifa yako. Jina lako litasomwa pamoja na langu.

Kaka yako,
Muthamia


Nkubu
17 Machi 1955

Ndugu yangu Muthamia,

Salamu zako zimefika. Watoto hawajambo, Kinoti ana kikohozi kidogo. Hilo goti likande kwa maji ya moto na chumvi. Baba watoto hajaandika tangu Krismasi.

Muthamia, mimi sikukuonyesha nyuki. Ulikuja kwangu ukala githeri, ukasema kesho doria yenu itapita kivukoni. Nikakuambia usipite pale, nimewaona watu wakivuka alfajiri. Nilisema ili urudi mzima. Sikusema uende na wenzako tisa mkajilaze kwenye matete kuwangoja.

Kuna jambo hujui. Mmoja wa wale watatu alikuwa Mburugu, mtoto wa Makandi. Tangu walipotuhamishia kijiji hiki chenye handaki na miiba, Makandi ni jirani yangu, tunagawana ukuta. Maiti zilipolazwa mbele ya ofisi ya chifu siku mbili, alipita mbele ya mwanawe na mzigo wa kuni bila kulia, maana kulia kungewaonyesha askari ni mama wa nani. Alikuja kulilia kwangu. Mimi ndiye pekee niliyeambiwa.

Futa jina langu. Sifa hiyo uile peke yako.

Dada yako,
Kaari


Kambi ya Polisi, Embu
2 Aprili 1955

Kwa dada yangu Kaari,

Natumaini kikohozi cha Kinoti kimepoa. Goti limepungua kwa ile chumvi.

Nilikwenda kwa karani. Akasema maelezo yamekwisha kupigwa chapa na kupelekwa Nairobi, na sheria inataka yasomwe kama yalivyoidhinishwa, neno kwa neno. Nikaenda kwa ofisa mwenyewe. Akafurahi! "Dada yako ni mfano mwema kwa wanawake wa Nkubu," akasema. "Tutamwita mbele, tumpe blanketi." Nikamwambia unaogopa. Akasema chifu atakulinda.

Nikamuuliza sajini, "Afande, na mtu akikataa nishani?" Akanicheka. "Atakayeikataa ataulizwa alikula kiapo cha waasi lini, na katika msitu gani."

Nimefikiri hivi: mwombe chifu pasi ya kusafiri, uje na watoto hapa kambini kabla ya tarehe 30. Mke wa Njeru ana chumba. Namdai maisha ya mumewe, hatakataa.

Kaka yako,
Muthamia


Nkubu
11 Aprili 1955

Ndugu yangu Muthamia,

Tu wazima hadi leo. Mvua imeanza, nimepanda maharagwe katika saa mbili tunazoruhusiwa shambani.

Chifu amenikatalia pasi. Anasema hakuna mtu wa kijiji hiki atakayetoka kabla ya sherehe, na mimi kuliko wote.

Jana walitutoa tukafagie uwanja wa sherehe. Makandi alikuwa kando yangu na ufagio. Akanitania, "Mama Kinoti, ndugu yako akivishwa bati kifuani, wewe utavishwa nini, sufuria?" Wanawake wakaangua kicheko. Muthamia, nami nilicheka.

Imebaki njia moja. Kama jina halifutiki, liangushe tendo zima. Mwambie ofisa kwamba ulimdanganya karani, kwamba habari ya kivuko hukuipata kwangu. Karatasi yenye uongo hawataisoma mbele ya watu. Najua utavuliwa sare, na pengine utafungwa. Kutoka kifungoni mtu hurudi. Nikisomwa mimi mbele ya kijiji hiki, sirudi.

Nangoja jibu lako.

Dada yako,
Kaari


Nkubu
9 Mei 1955

Muthamia,

Hali yako siiulizi, nilikuona. Goti limepona, ulipiga hatua vizuri.

Jibu la barua yangu nililipata uwanjani. Mlikuwa askari wanne mstarini, wewe wa pili. Mkalimani alisoma taratibu, kila mtu akasikia: "kwa habari aliyoitoa dada yake, Kaari mke wa Kirimi, wa kijiji hiki." Nikaitwa mbele. Blanketi ni la kijivu. Ulinipigia saluti, nami sikujua mtu hujibu nini.

Sasa mtoni wananipisha, kana kwamba mimi ni mgeni mkubwa. Kinoti amerudi kutoka shuleni na shati lililochanwa, hasemi limechanwa na nani. Chifu ameweka homugadi wawili wanilinde mlangoni pangu. Wanalala saa nane mchana.

Usiniandikie tena. Barua za polisi huitwa kwa jina mbele ya ofisi ya chifu, na watu wote huwa pale.

Makandi alikaa siku nne bila kunisemesha. Siku ya tano aliingia, akawapita homugadi kama mawe, akaketi. Nikamwambia yote: githeri, doria, maneno niliyokuambia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulimwambia asipite," akasema.

"Ndiyo. Nilimwambia asipite."

"Ndugu yako ulimwambia. Na wale uliowaona wakivuka, uliwajua?"

"Mmoja nilimjua."

"Siku hiyo tulichota maji pamoja, Mama Kinoti, mimi na wewe. Mimi uliniambia nini?"

 Akainuka, akaenda kwake.

Mama Kinoti