Mume Wangu Anajivunia Seva Isiyofanya Kazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana nimemtendea mume wangu wema na wema wenyewe sasa umenikaba koo. Mimi ni mshonaji wa magauni ya harusi, na tovuti ya duka langu ilikuwa inakaa kwenye kompyuta kuukuu ambayo mume wangu, mwalimu wa hesabu, ameiweka chini ya meza ya kupigia pasi na kuiita seva, na kusema kweli ilitutumikia miaka yote, mpaka aliposoma kwamba mfumo unaoiendesha umezeeka na hauletewi tena masasisho ya usalama, akaniambia, "Mama watoto, tumelala mlango wazi, lazima nihamie mfumo mpya." Nikamwambia asubiri msimu wa harusi upite. Akasema ni kazi ya asubuhi moja, na kila kitu ameshakinakili pembeni.

Mshauri, asubuhi hiyo ilikula wiki. Mfumo mpya uliwaka vizuri, lakini nakala yake ilikuwa na majina ya picha bila picha, na kila mteja aliyefungua tovuti yangu alikuta ukurasa mweupe umeandikwa, "Hongera, seva yako inafanya kazi." Mume wangu akasema hiyo ni dalili njema. Bibi harusi mmoja alinipigia kuuliza kama nimeacha kushona, nikamwambia hapana, akasema basi hongera, na kazi ya gauni lake akaipeleka kwa mshonaji jirani.

Nilipochoka nikamwita shemeji, mdogo wake mume wangu, mume akiwa shuleni anafundisha. Shemeji akaihamishia tovuti kwenye kampuni inayokodisha seva, picha tukazitoa kwenye simu yangu, na chai haijapoa duka likarudi. Jioni mume wangu akaingia chini ya meza, akagusagusa nyaya, akafungua tovuti, akaona magauni yote. Akazipitia picha moja moja, kisha akaniita, "Njoo uone. Nilijua ni subira tu." Nikampa hongera, nikampakulia chakula.

Tangu hapo anatembea kifua mbele, na sasa ameahidi kuileta chini ya meza ile tovuti ya wifi yangu mwenye zahanati, ambayo wagonjwa wanaitumia kuweka miadi ya daktari. Wifi amekubali kwa sababu aliponiuliza nilimjibu, "Ya kwangu inafanya kazi vizuri." Nikisema ukweli nitamvunja mume wangu moyo na kuwagombanisha ndugu, nikinyamaza usingizi hauji. Nifanyeje?

Mshonaji

Mshonaji, pole. Nilicheka mpaka nilipofika kwenye zahanati, nikaacha kucheka.

Mumeo hakukosea kuhama. Mfumo uliozeeka ni wa kuhamwa, na wengi wanaacha kwa uvivu tu. Alikosea kuamini nakala ambayo hajawahi kuifungua, na kubomoa nyumba ya zamani kabla hajalala hata siku moja kwenye mpya. Hilo linafundishika. Wewe je? Mteja akija kujaribu gauni na mshono umefumuka mgongoni, unampigia makofi atoke nje hivyohivyo? Mumeo umemtoa hivyo, halafu unauita wema. Uliogopa jioni moja ya kununiwa, bei ukawaachia wagonjwa wa wifi yako.

Leo akishakula, mwambie, nyinyi wawili tu: tovuti haipo chini ya meza, nilimwita mdogo wako, nikashindwa kukuambia. Usiongeze "lakini". Akinuna, mwache anune. Mwalimu wa hesabu hatoi alama kwa jibu lisilo na njia, na mimi nina hakika moyoni ameshajiuliza lile la kwake lilitoka wapi.

Akitulia, akae na mdogo wake kwenye kompyuta hiyo ya chini ya meza. Waweke tovuti ya majaribio, isiyo na mgonjwa wala bibi harusi, waifute kwa makusudi, wairudishe kutoka kwenye nakala, picha na vyote. Wakishindwa, warudie. Duka lako libaki lilipo.

Na kesho asubuhi mpigie wifi yako asizime chochote huko zahanati. Simu hiyo usimtume mumeo. Wewe ndiye uliyemsifia bidhaa, wewe ndiye wa kwenda kuirudisha.