Alasiri Uliyomrekodi Mama

Mpendwa dada Akello,

Tulikuzika mwaka jana, na bado nakuonea wivu. Ulipokuwa hai nilijifanya sina neno.

Ulitengeneza filamu ambazo hapa Kampala hatukuwa tumeona mwanamke akizithubutu: hazina mchumba wala harusi, mara nyingine hata sura hazina. Baba, polisi aliyetulea katika nyumba za askari Nsambya, alitazama moja akauliza, "Sasa sinema yenyewe iko wapi?" Ulicheka. Mimi nilifurahi, nikidhani umeshindwa.

Kisha alasiri moja ukamrekodi mama, ameketi, akifua sare za zamani za baba. Ulichukua mikono yake tu, ukazirudisha picha kinyumenyume, sare safi zikawa zinaingia kwenye beseni na kutoka chafu. Sauti yake ikasema, "Kila mtu anajua mimi napika vizuri. Nani alishauliza mimi nataka nini?" Alitaka kuwa nesi. Siku moja, sisi tukiwa wadogo, alifunga nguo zake atoroke.

Hayo niliyasikia pamoja na wageni, ukumbini Nakasero. Mimi, niliyemwogesha mama na kumlisha tangu miguu yake ilipoishiwa nguvu! Niliondoka filamu haijaisha, nikaenda kumuuliza kwa nini alikwambia wewe.

"Akello aliuliza," akasema. "Wewe kila siku unauliza kama nimekula."

Alikufa sijamuuliza jingine.

Mwezi uliopita wasichana wawili wanaosomea filamu walikuja kwangu Kansanga kuomba kuionyesha hiyo ya mama. Nakala ninayo mimi. Niliwaambia imeharibika. Walipoondoka niliona aibu, nikaiwasha, nikaitazama mpaka mwisho kwa mara ya kwanza.

Unasikika ukimuuliza, "Sasa kwa nini hukwenda?"

"Nilifika geti. Nikageuka, naona Adongo anafuata mimi, hana viatu. Nikamubeba, nikarudi."

Nililia, dada. Kwa mama, na kwa hasira. Ulijua miaka yote hiyo kwamba mimi ndiye niliyemrudisha, ukanyamaza. Labda ulinihurumia. Labda ulitaka kitu kimoja cha mama kibaki chako peke yako. Hilo ningelielewa zaidi.

Jana niliwapigia simu wale wasichana, nikakiri kwamba niliwadanganya. Wameichukua. Watu watakusifu tena, na mimi nitaketi mbele kabisa, roho ikiniuma, na sitatoka.

Lala, dada yangu.

Mdogo wako,
Adongo