Vidole Visivyosomeka

Tarehe 3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitafuna masikio. Nisalimie jirani mwenye duka la simu, na umshukuru kwa kunitumia picha za barua zako. Najua kioo cha simu hakikusikii ukikigusa, lakini usiache kuniandikia. Nimeuzoea huo mwandiko wako unaopanda kilima.

Baba, kaa kwanza. Fundi Miwani ameniuliza, nami nimekubali. Ndiye yule yule niliyekwambia alinirekebishia miwani bure mara tatu mpaka nikaanza kuivunja makusudi.

Tatizo ni mahali. Kuja nyumbani siwezi. Mpaka nipate vibali vya kudumu, naruhusiwa kwenda nchi za jirani tu. Mama yake Fundi Miwani figo zimechoka, anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, na daktari amemkataza ndege. Wewe nawe kupewa viza ya kuja huku ninakoishi ni hadithi ndefu, tulishaijaribu. Kwa hiyo tumeamua tufungie ndoa nchi ya tatu, hapa jirani. Mama atafika kwa treni, wewe kwa ndege, na viza yao nasikia haina mizengwe. Kilichobaki ni kupata ukumbi.

Umewafungia turubai maharusi wa mji mzima, na kila mara ulikula ukiwa umesimama nyuma ya sufuria. Hii moja nataka ukae kwenye kiti. Usipokuwepo sifungi ndoa, na Fundi Miwani nimeshamwambia.

Mwanao,
Kigingi


Tarehe 9 Februari

Kigingi wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mgongo upo, haujahama. Nimesoma barua yako dukani kwa jirani, nikaomba anisomee tena nisije nikawa nimeota. Mama yako angekuwepo angepiga kelele mpaka mtaa wa pili. Kwa kuwa hayupo, nimepiga mimi, na watu wamekuja kuuliza nani kafa.

Wewe unatengeneza meno ya bandia, yeye miwani. Wazee wa huko wamepata nyumba moja ya kutoka wanaona na kutafuna.

Sasa nisikilize mimi. Ukumbi usiuchague kwa picha, picha haina upepo. Uliza upepo wa mchana unatoka upande gani. Uliza mvua ikinyesha maji yanakimbilia wapi. Tazama chini pakoje, kama ni udongo au zege, maana kigingi hakiingii kwenye zege, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote, uliyekulia juu ya gunia la vigingi. Wakikucheka, waache wacheke.

Pasipoti yangu nimeitoa sandukuni, bado hai. Suti nayo ipo. Nondo wameionja kidogo kwenye mkono, lakini nikikunja kiwiko haionekani.

Nitakaa kwenye kiti. Mwambie Fundi Miwani nimesema hivyo.

Baba yako


Tarehe 2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya na mzaha wako wote. Sisi hatujambo. Mama mkwe anakusalimu, ameniuliza kama kweli unapanda juu ya nguzo ukiwa na umri huo. Nimemwambia uongo kuwa umeacha.

Tulikwenda kutazama kumbi. Ya kwanza ni ya vioo, juu ya kilima, nzuri ajabu, lakini ngazi zake ni za kuua, na mama anatembea kwa kiti cha magurudumu. Ya pili ni ghala la zamani lililopakwa chokaa, hospitali yenye mashine iko mbali nalo. Ya tatu ni bustani ya hoteli kando ya ziwa. Hakuna ngazi, hospitali ipo ng'ambo ya barabara, na wao wenyewe wanaweka turubai jeupe. Nilimuuliza meneja upepo unatoka upande gani. Akanitazama, akasema upepo haumo kwenye huduma zao. Lakini chini ni udongo, baba! Nilichimba kwa kisigino.

Tumeandikisha Juni kumi na nne. Kiti chako nimeshakichagua, mstari wa mbele, pembeni, maana najua utainuka tu kwenda kukagua kamba.

Nenda kaombe viza mapema.

Kigingi wako


Tarehe 19 Machi

Mwanangu Kigingi,

Salamu nyingi. Mimi mzima wa mwili. Hayo mengine nakueleza sasa hivi.

Nilikwenda kwenye ofisi ya viza na suti yangu. Karatasi zote sawa. Wakanipeleka kwa binti mmoja mwenye mashine ya kupiga picha vidole. Nikaweka mkono juu ya kioo. Mashine ikalia. Akanifuta vidole kwa kitambaa, ikalia. Akavibonyeza kwa mkono wake, ikalia tena. Akavigeuza, akavitazama karibu, akaniuliza, "Mzee, unafanya kazi gani?" Nikamwambia navuta kamba za turubai tangu sijaota ndevu. Akasema ndiyo maana, mistari yote imelika. Vidole havisomeki.

Pasipoti walinipaka wino, na wino haukuwa na maringo. Mashine inataka mistari. Nikamuuliza hakuna njia nyingine? Akasema ipo fomu ya watu wasio na vidole, lakini mimi vidole ninavyo. Kwa hiyo ningekuwa sina mikono, ningepita.

Binti yule hakuwa mbaya. Alinionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyonivunja nguvu. Ameniambia nipumzishe mikono, nipake mafuta, ngozi ikirudi nijaribu tena.

Usilie. Najua umeanza.

Baba yako


Tarehe 21 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimelia, ndiyo, na nimemaliza. Sasa fanya hivi, tafadhali. Paka mafuta asubuhi na usiku. Usishike kamba, usishike zege, usioshe vyombo. Vaa glavu. Waachie vibarua kazi, wewe elekeza kwa mdomo, maana kwa mdomo hujambo.

Tumeomba hoteli watusogeze, wametupa Julai kumi na tisa. Mama mkwe amekubali. Aliitikia kwa kichwa tu, nami nikaona aibu.

Nakuomba, baba. Glavu.

Mwanao


Tarehe 30 Aprili

Kigingi mwanangu,

Huku kwetu kuzima, na duka la jirani linaendelea. Wewe na Fundi Miwani mwaonaje? Na mama mkwe wako, mashine yake inamtendea haki?

Glavu nimevaa. Mtaa mzima unaniita Daktari. Nimeelekeza kwa mdomo mpaka vibarua wamenichoka. Wiki iliyopita nikaona hawafungi vizuri, nikafunga mwenyewe, na glavu zangu mkononi. Kumbe kamba nisipoihisi kwenye ngozi sijui imekaza au inanidanganya. Turubai lilikaa mpaka maharusi walipoketi, kisha likaanguka taratibu kabisa juu ya wapishi. Hakuumia mtu. Walicheka wote, na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena. Sijawahi kuangusha turubai maisha yangu.

Lakini ngoja habari njema. Nimerudi kwa yule binti wa mashine. Kidole gumba cha kulia kimesoma! Taa ikawaka kijani, akapiga makofi kama vile amezaa. Vingine vimekataa, na kidole kimoja hakivunji chawa. Ila amesema ngozi inarudi, nisubiri mpaka mwisho wa Mei, nisiguse kitu. Mimi sasa naigusa hewa tu.

Baba yako, Daktari


Tarehe 4 Mei

Baba yangu Daktari,

Shikamoo! Nilisoma barua yako karakanani nikaangusha taya zima la mteja. Halikuvunjika, msimamizi hakuniona.

Kidole gumba! Nimemwambia Fundi Miwani, naye akambusu mama yake. Lakini sikufichi, baba. Mama amelazwa tena, ametoka, amebaki mifupa. Daktari alituita pembeni akatuambia, kama kuna jambo tunataka alione, tusiliweke mbali. Hoteli nao wamesema Julai ni mwisho, tukiomba kusogezwa tena wanampa mtu mwingine bustani. Kwa hiyo hatuna pa kukimbilia. Ni wewe na mikono yako.

Tumefika mahali ambapo nakuombea vidole. Kila usiku nasema, Mungu, mrudishie mistari.

Kigingi


Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Nimechelewa kukuandikia, na sababu ni duka kufungwa. Jirani yetu amefiwa na mama yake.

Unamjua yule bibi, ndiye aliyekuwa anakutunzia mtoto wa paka wako ulipokuwa mdogo. Nililipeleka turubai kubwa, vibarua wakafunga, mimi nikasimama na glavu zangu. Jirani alipotoka ndani kunipa mkono, nikazivua. Mtu aliyefiwa humpi pole kwa glavu. Nikazitia mfukoni.

Ndipo upepo ukaja. Kona ya mashariki ikanyanyuka, kigingi kikang'oka, kamba ikaanza kukimbia. Chini yake palikuwa na jeneza na kina mama wameketi mkekani. Sikufikiri, Kigingi. Laiti ningefikiri. Kamba ikikimbia, mkono wangu hauombi ruhusa. Niliikamata, ikanivuta, nikaizungusha kiganjani mpaka vibarua wakafika. Turubai halikuanguka. Nilipofungua mikono, ngozi yote niliyoilea kwa mafuta ilikuwa imebaki kwenye kamba.

Nilikwenda kwa binti wa mashine hivyo hivyo, na bendeji. Hata hakuwasha mashine. Aliniletea maji ya kunywa.

Mganga hajigangi, mwanangu. Nisamehe.

Baba yako


Tarehe 13 Juni

Baba,

Shikamoo. Pole ya mikono, na pole nyingi kwa jirani.

Sina la kukusamehe. Najua hata mimi ningeikamata. Lakini nimekaa na barua yako tangu jana na sijui nifanye nini. Nikisema tusogeze, namnyima mama wa mwenzangu. Nikisema tuendelee, nakunyima wewe. Fundi Miwani amesema niamue mimi na hatanilaumu, na nimemkasirikia kwa sababu nilitaka mtu wa kuniamulia. Niambie wewe.

Kigingi


Tarehe 16 Juni

Kigingi wangu,

Mimi sijambo, vidonda vinakauka.

Lisilobudi hutendwa. Mama mkwe wako hana mwakani, mimi huenda ninao. Funga ndoa kando ya ziwa siku mliyopanga. Kiti changu usikitoe, weka simu juu yake. Jirani amesema atafungua duka, na mimi nitavaa suti.

Usiniandikie tena kuniuliza. Nimeshasema, na sitaki kulisema mara mbili.

Baba yako


Tarehe 22 Julai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Fundi Miwani naye anasema shikamoo baba, kwa mara ya kwanza akiwa na haki ya kusema hivyo. Mimi mzima. Samahani kwa mwandiko, utaona sababu.

Ulikuwa kwenye kiti chako, mstari wa mbele, pembeni. Nilikuona na suti, umekunja kiwiko. Mfungishaji ndoa alituomba tuzime sauti ya simu ili isikatize viapo, tukazima. Jirani ameniambia baadaye kwamba ulipiga kelele mpaka akadhani umepagawa.

Nilikuwa katikati ya kiapo nikakutazama. Nikaona mdomo wako umefunguka na mikono yako yote miwili inavuta hewa. Nikageuka. Upepo ulikuwa umetoka ziwani, baba, ule ule ambao haumo kwenye huduma zao. Kamba ya kona ilikuwa inakimbia kwenye nyasi, na chini ya ile kona alikuwa mama, kwenye kiti chake cha magurudumu, hawezi kusogea. Sikumbuki kuacha mkono wa Fundi Miwani. Nakumbuka nimelala chali na gauni langu, kamba imenizunguka kiganja, wafanyakazi wa hoteli wanakuja mbio.

Turubai halikuanguka. Mama alicheka mpaka akahitaji hewa. Amerudishwa hospitali tangu jana na hatuambiwi neno.

Tulimalizia kiapo mikono yangu ikiwa kwenye maji ya barafu. Kalamu sikuweza kuishika vizuri. Ukiiona sahihi yangu ya ndoa, utadhani ni yako, imepanda kilima.

Ulipiga kelele gani, baba? Nataka kujua maneno yenyewe.

Mwanao, mke wa mtu,
Kigingi


Tarehe 25 Julai

Kigingi mwanangu, na mkwe wangu Fundi Miwani,

Marahaba kwenu wote wawili. Mama mkwe tunamwombea, mimi na jirani.

Nilipiga kelele, "Kamba!" Mara nyingi, mpaka wateja wakatoka. Niliiona inalegea kabla hamjamaliza kuketi, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nilikishika kioo kwa mikono yote miwili, na kama kawaida hakikunisikia. Nikuambie kweli, sijawahi kuona mikono isiyo na kazi kama yangu siku ile.

Sasa sikiliza. Usiviache vidole vikauke. Paka mafuta asubuhi na usiku, usioshe vyombo, mkwe wangu ana mikono, aoshe yeye. Kamba usiikamate tena, hata kama nini. Glavu zangu nimezifua, jirani atazituma kesho, zitakupwaya kidogo.

Kwa vibali vya kudumu, vya kukuwezesha kuja nyumbani, watakuita uweke vidole kwenye mashine. Mimi vidole vyangu ndiyo basi, havinileti kwako. Tumebaki na vyako.

Baba yako