Shangazi, Usiishike Tena Sanamu ya Bibi Mwavuli

Duka la Kinyozi, chumba cha nyuma,
Mkabala na posta.
Jumatano, 14 Mei.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umeamka salama na magoti yamepunguza ukorofi. Ile dawa ya kuchua imesaidia? Na kikohozi cha mzee wako je, kimemwacha alale, au bado kinampigisha gwaride? Sisi huku tunapumua, na siku hizi nimejifunza kushukuru kwa hilo tu.

Ningekupigia simu, lakini wewe na simu hamjawahi kuelewana. Nilipokwambia mtoto ameota meno, ukawatangazia ndugu wote kwamba nimeota ndoto. Haya ya leo sitaki yapotee njiani. Kwa hiyo kabla hujasoma mbele, tafadhali nenda chumbani. Ile sanamu ya Bibi Mwavuli wa vibonzo vya gazetini niliyokuletea mwaka juzi, ukaiweka kando ya kitanda, ichukue kwa mfuko wa nailoni, usiishike kwa mkono mtupu. Ifunge vizuri, iweke juu ambako mjukuu hafiki hata akipanda kiti. Pangusa pale ilipokuwa kwa kitambaa kibichi, unawe mikono kwa sabuni, kisha urudi uendelee kusoma. Mimi nakungoja hapa hapa.

Umerudi? Ahsante.

Unaujua ugonjwa wangu wa sanamu, maana chanzo chake ni wewe. Ulikuwa ukinipakata na kunisomea vibonzo vya ukurasa wa nyuma wa gazeti, kila mmoja na sauti yake, mpaka majirani wakadhani nyumba ina wageni. Nilipokuwa mtu mzima na kukuta watu hao wa gazetini waliwahi kutengenezewa sanamu za kusimama mezani, sikujizuia. Karani Usingizi, ambaye tangu gazeti lianze hajawahi kugonga muhuri hata mmoja. Afande Filimbi, anayekamata kila mtu isipokuwa mwizi. Niliwapanga kwenye rafu juu ya kioo cha duka, na wateja wengine walikuja kunyolewa ili tu wawaangalie.

Nyingi nilizipata kwa wauza vitu vya zamani, zimevunjika mkono au rangi imebanduka. Nikawa nazitengeneza mwenyewe katika chumba hiki cha nyuma, tulimokuwa tukiishi. Nakwangua rangi iliyooza, napiga msasa, napaka upya. Mama Kidoti anashinda kiwandani, kwa hiyo binti yetu Kidoti alikuwa akicheza kwenye mkeka miguuni pangu. Vumbi la msasa lilimwangukia nywele, nikawa namtania kwamba amezeeka kabla yangu.

Mtoto akaanza kukataa chakula. Akawa anashika tumbo, anakuwa mweupe wa midomo, analia kwa jambo dogo kama kuvalishwa kiatu. Tukampa dawa ya minyoo. Mama yake akasema ni meno ya nyuma, mimi nikasema ni deko. Halafu maneno yakaanza kupungua. Alikuwa ameshajua kusema "baba, maji" na "mama kaja", ukiacha yale matusi aliyoyaokota kwa wateja. Yakatoweka moja baada ya jingine, akabaki ananyoosha kidole. Mama yake aliliona hilo kabla yangu, akaacha kula vizuri yeye pia.

Jumamosi moja asubuhi duka limejaa. Kitini nilikuwa na mwalimu, jirani yetu, shavu moja nimelimaliza, jingine lina povu. Nikasikia kishindo huku nyuma. Nilipoingia nilimkuta Kidoti chini, macho yamegeuka, mwili unatikisika, meno yamebana. Shangazi, nilisimama. Mtu mzima mwenye wembe mkononi, nikasimama tu kama mlingoti. Mwalimu ndiye aliyenipita, akaniambia, "Weka wembe chini. Mlaze ubavu. Funguo za gari ziko mfukoni mwangu." Aliendesha mpaka hospitali na povu lile limemkaukia usoni, na hakuna mtu njiani aliyecheka.

Degedege lilikoma kabla hatujafika, lakini mtoto hakuamka. Daktari, dada mmoja mpole, akaanza maswali. Nyumbani tunayeyusha betri za magari? Hapana. Kuta zimepakwa rangi ya zamani? Hapana, ni chokaa. Masufuria tumenunua wapi? Nilikuwa najibu huku nimeshika ukingo wa kitanda, naye akaacha kuandika, akatazama vidole vyangu.

"Hiyo rangi ya machungwa kwenye kucha ni ya nini?"

Nikamweleza kuhusu sanamu. Sikuona sababu ya kuficha, wala sikujua kama kuna la kuficha. Akaagiza damu ichukuliwe, ya mtoto na yangu.

Majibu yalipotoka alisema damu ya mtoto imejaa risasi. Mimi nikamjibu, "Daktari, mtoto hajapigwa risasi." Hakunicheka. Akavuta kiti, akanieleza kwamba ni madini, ndiyo hayo hayo ya kutengenezea risasi za bunduki, na zamani yalitiwa kwenye rangi ili ing'ae na idumu. Ukiikwangua inakuwa vumbi, vumbi linakaa kwenye vidole, vidole vya mtoto vinaishia mdomoni. Humo mwilini, alisema, madini hayo hupenda ubongo. Damu yangu nayo ilikuwa nayo. Kumbe ule mtetemo wa mkono niliousingizia uchovu ulikuwa na jina.

Wakaanza kumtia dawa ya kuvuta sumu. Akafumbua macho siku iliyofuata, lakini alitutazama kama watu wa kituo cha basi.

Bwana afya alikuja dukani na kifaa chake cha kupimia madini. Alikigusisha kwenye sanamu moja moja, na zile nzuri kuliko zote, za njano na nyekundu, ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Nyingine hazikupakwa risasi tu, zilikuwa risasi tupu ndani. Alizitia kwenye mifuko minene na kuifunga. Mama Kidoti alisimama mlangoni na kitambaa kibichi mkononi, akizifuata kwa macho moja moja. Mwisho akauliza, "Karani yuko wapi?"

Tukatazama rafu. Karani Usingizi hakuwepo. Tuliinua mikeka, tukasogeza makabati, tukapekua chini ya kiti cha kunyolea. Bwana afya alisema hatuwezi kumrudisha mtoto nyumbani mpaka sanamu hiyo ipatikane. Ni mama yake aliyeiona, ndani ya foronya ya mto wa Kidoti. Mtoto alikuwa anaificha humo na kulala nayo. Mikono ipo, meza ipo, muhuri upo. Uso haupo, Shangazi. Ulikuwa umetafunwa wote, rangi na kilichokuwa chini ya rangi, umebaki ulaini wa kijivu wenye alama za meno madogo. Mama yake alikaa chini pale pale akakipakata kile kitu kwenye nguo yake, mpaka bwana afya alipomwomba taratibu akiachie.

Fundi saa, yule mkusanyaji mwenzangu uliyewahi kumsikia akibishana nami, alikuja kabla mifuko haijachukuliwa. Aliiomba. Akasema mimi nimepagawa, yeye ana kabati la kioo, na watoto wa zamani walichezea sanamu hizi wakazeeka. Nilimkatalia na tukaachana vibaya. Juzi nilimkuta kwenye korido ya hospitali, amemshika mjukuu wake mkono, anatazama milango kama aliyepotea. Hakunisalimu. Aliuliza tu, "Damu wanapimia wapi?" Nikawapeleka. Majibu ya mtoto huyo bado hayajatoka.

Kwa hiyo nakusihi, na ningepiga magoti kama ungekuwa karibu: mpeleke mjukuu wako apimwe. Usisubiri alegee. Mimi nilisubiri kwa sababu alikuwa anacheza, na anayecheza tunamwita mzima. Ujipime na wewe. Kila nikilala naona ule mkono niliokukabidhia zawadi ile, na wewe ukinibariki kwa ajili yake.

Kidoti ametoka hospitali. Tumehamia kwa dada yake mama Kidoti, maana hata kuta za duka zinaoshwa upya; mimi nimekuja hapa leo kusimamia kazi hiyo tu. Sumu kwenye damu imepungua, haijaisha, na tutarudi hospitali kwa dawa nyingine. Nilimuuliza daktari kama kilichopotea kichwani kitarudi. Akasema kingine kitarudi na kingine hatutakijua mpaka aanze shule. Sasa naishi kwa kumsikiliza. Akichelewa kuitika, naacha ninalofanya, namwendea.

Jana alikuwa kakaa kwenye kizingiti, amenipa mgongo. Nikamwita, hakugeuka. Nikamwita tena, hakugeuka. Nikazunguka mpaka mbele yake. Alikuwa anahangaika na kifungo cha gauni, ulimi nje. Akaniangalia usoni, akasema, "Baba, ngoja."

Nikangoja, Shangazi. Nilikaa chini nikangoja mpaka akakifunga.

Wasalimie mzee wako, binamu fundi bomba na mkewe, na mpwa wangu muuguzi. Mwambie yeye ndiye atakayewaongoza kwenye kipimo. Mbusu mjukuu, lakini mnawe kwanza. Mungu awafunike nyote, awaache na akili zenu na maneno yenu yote.

Mwanao akupendaye, ambaye leo anaogopa,

Kinyozi wako.