Fabiano Aliga: Safari Iliyoishia Pakwach

Mwaka umetimia, Mjomba, tangu ile asubuhi ya tarehe 11 Machi ulipotuacha hospitalini hapa Arua, ukiwa na miaka sitini na nane na grisi bado chini ya kucha. Muuguzi alijaribu kuitoa. Mama yangu Viktoria, dada yako, akamzuia: "Acha, sista. Hiyo ndiyo kitambulisho yake."

Familia ilikaa, ikaamua mimi Ayikoru ndiye niandike. Walijua nitakutania. Lakini kwetu mtoto wa dada anamtania mjomba wake hata msibani, na wewe siku nisipokutania ulikuwa unauliza kama nina malaria.

Leo tunazungumza na wewe, lakini kuna mtu tunataka asikie. Rafiki yako Jacques hajakanyaga kwako tangu tulipokuzika. Anaamini alikunyang'anya safari yako ya mwisho. Jumamosi hii tunakuombea Lobule, pale ulipolala, na mkeo Driwaru amekataa sala ianze Jacques akiwa hayupo. Tumempigia simu, hapokei. Tumemtuma mtu, amerudi na salamu tu. Basi tunamwandikia kupitia kwako.

Gereji yako pale Manibe haikuwa na kibao. Mtu akiuliza njia aliambiwa afuate sauti ya nyundo. Kila gari uliliita mgonjwa. Uliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, ukafumba macho, na mwenye gari akanyamaza kama yuko kanisani. Mtu wa baiskeli akija hukumwambia kwamba hapa ni pa magari. Ulimwambia, "Kaa kwanza. Huyu mgonjwa mdogo hatachelewa."

Binti yako Juliet alilalamika kwamba koti lako la Jumapili nalo linanuka petroli. Ulimjibu, "Inanuka shule yako." Sasa Juliet analiweka koti hilo chumbani kwake, na hataki mtu alifue.

Halafu zile gari mbili za spoti. Wewe na Jacques mlizikuta Ariwara, ng'ambo ya mpaka, nyuma ya stoo ya kahawa, kuku wanatagia ndani. Wewe ukachukua Datsun nyekundu ya 1971, yeye Alfa nyeupe ya miaka hiyo hiyo. Mlizikarabati miaka tisa. Watu wa Arua walicheka: wazee wawili, gari mbili, na hakuna hata moja inayobeba gunia la muhogo! Siku Datsun iliposhuka Arua Hill kwa mara ya kwanza ikinguruma, waliocheka ndio walioomba kupigwa picha. Ulisimama kwa kila mmoja. Ulikuwa unajifanya unachoka, lakini tulikuona.

Ndoto yenu ilikuwa moja. Mwanzie Oraba, mpakani juu ya Koboko, mshuke mpaka Katuna, mpaka wa mwisho kule kusini, karibu kilomita elfu moja. Januari ya mwaka jana ukasema ni sasa. Hukutuambia kwa nini. Daktari alikuwa amekuambia moyo wako hautafika kiangazi kingine, na ulimwambia mtu mmoja tu, mimi, kwa sababu nilikuta vidonge ndani ya kopo la nati. "Ukisema," uliniambia, "nitakunyima kiti."

Kiti hicho hakikuwa cha starehe. Gari zote mbili zilitoka Kongo, usukani upande wa kushoto, na huku kwetu tunaendesha kushoto mwa barabara. Dereva akiwa nyuma ya lori haoni kitu mpaka ajitokeze. Anayekaa kulia ndiye macho yake. Njia nzima tulikuwa hivi:

"Iko gari?"

"Iko."

"Kubwa?"

"Ni basi, Mjomba! Ngoja kwanza!"

"Naye anangoja nini? Mwambie apite."

"Nimwambie na mdomo gani?"

"Na huo unaonijibia."

Kahindo, mke wa Jacques, ndiye angekuwa macho ya mumewe. Alikuwa ameshafunga mkoba. Wewe ukasema hapana, kiti hicho ni cha spea: tairi mbili, jeki, betri na sanduku la spana. Kahindo akanuna. Jacques akacheka, "Aliga, weye unapenda tairi kuliko mutu." Tukumbuke hapo, Mjomba, maana wewe hukupasahau.

Tulianza Oraba jua likichomoza. Ulirudi nyuma mpaka tairi ikagusa nguzo ya mpaka, ili mtu asije akasema uliiba mita mbili. Koboko walitupungia, Arua walipiga honi, Nebbi tukapita tukiwa weupe kwa vumbi. Sijawahi kukuona mzuri kama siku ile. Uliendesha mkono mmoja, mwingine ukipapasa mlango wa Datsun kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Tulivuka daraja la Pakwach tukasimama kula samaki wa kukaanga. Barabara ilikuwa tupu. Jacques akatangulia kuondoka, na kwa kuwa amezaliwa upande ambao watu huendesha kulia, na hakukuwa na gari la kumkumbusha, akashika kulia. Kwenye kona likatokea lori. Akakata usukani, Alfa ikaingia mtaroni. Tulimkuta amesimama kando, mzima, suruali imejaa majani, gurudumu la mbele limelala ubavu.

Alikuambia, "Nenda na mutoto. Miye nitabakia na gari. Katuna inakungojea."

Ulitazama barabara ya kwenda Karuma. Nilikuwa najua kilichomo ndani ya lile kopo, nikatamani uingie garini tuondoke. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyotamani. Wewe ukavua shati.

"Ayikoru, leta nyundo. Halafu kamba."

Ulikinyoosha chuma kilichopinda juu ya jiwe mpaka gurudumu likakubali kuzunguka. Datsun ikaivuta Alfa kurudi Arua, polepole kama gari la jeneza, Jacques nyuma ameshika usukani na machozi yanachora njia kwenye vumbi la uso. Pale Nebbi watu wa bodaboda wakapiga kelele: "Wazee, mashindano yameisha? Nani wa kwanza?"

Ukatoa kichwa dirishani. "Mimi wa kwanza! Huyu wa pili, lakini amenikaribia, mita tatu tu!"

Walicheka mpaka wakashika tumbo. Nilipogeuka, Jacques hakuwa anacheka.

Jioni ile, uwanjani kwako, alikuambia, "Miye nimekuaribia safari." Ukamjibu, "Safari haijaharibika. Gari ndiyo imeharibika, na hiyo mimi natengeneza." Ulianza kuitengeneza Alfa wiki iliyofuata. Kabla Februari haijaisha ulikuwa kitandani. Hapo ndipo Jacques alipojua habari za moyo wako, pamoja na wengine wote, akahesabu mwenyewe siku ulizokuwa umebakiwa nazo na alichokuondolea. Siku ya mazishi alisimama nyuma kabisa, karibu na barabara. Tangu hapo akimwona Driwaru sokoni anavuka upande wa pili.

Driwaru haelewi mambo ya magari, lakini alisema neno moja ambalo tumelibeba mwaka mzima: "Mimi nilizika mutu moja. Huyu mwingine, nani alimzika?"

Sasa, Mjomba, nasema ulichoniambia nimwambie Jacques. Ulikuwa hospitalini, siku mbili kabla hujatuacha. Nilikuuliza kama unaijutia Katuna. Ulicheka, ukakohoa, ukasema, "Katuna iko milima na viazi. Haikosi kitu nisipofika." Halafu ukaniuliza kama nakumbuka tulivyoondoka pale kwenye samaki.

Nakumbuka. Nawe ulishika kulia, Mjomba. Ulimfuata mwenzako bila kufikiri, na tulikwenda hivyo mpaka mimi nikapiga kelele, "Kushoto! Kushoto!" Ukarudi. Makosa yalikuwa ya wote wawili, kosa lile lile, dakika ile ile.

"Mimi nilikuwa na wewe ya kunipigia kelele," ulisema. "Jacques alikuwa na nani? Alikuwa na tairi. Na nani aliziweka tairi pale? Umwambie. Umwambie mimi ndiye nilimshusha Kahindo."

Nilichelewa. Kwanza nilingoja matanga yaishe, halafu niliogopa kukutia doa, fundi ambaye Arua nzima ilimwamini. Baadaye nilipotaka kusema, simu haikupokelewa. Lawama hiyo ya mwaka mmoja ni yangu, na ninaiomba radhi hapa mbele ya watu. Kama Papa Jacques anasoma: hukumnyang'anya Mjomba kitu. Alikufa akifikiri yeye ndiye mwenye deni la kukuomba msamaha, na alikuwa hajui aanze vipi, maana nyinyi wawili mlijua kusemezana kwa spana tu.

Alfa yako, Papa, iko gerejini Manibe. Gurudumu limekaa. Kiti cha kulia kimeondolewa tairi zote, na Juliet amekipiga brashi. Kahindo asiambiwe tena kwamba hakuna nafasi.

Mjomba, tunakukosa. Gereji iko wazi, lakini nyundo za vijana hazina subira kama yako, na mgonjwa akinguruma vibaya wote wanageuka kutazama mahali ulipokuwa ukikaa.

Unakumbukwa na mkeo Driwaru. Watoto wako Juliet na Obeti. Dada yako Viktoria. Mpwa wako Ayikoru, macho yako ya kulia. Mafundi wa Manibe. Shemeji na majirani wote wa Lobule. Shemeji yako Kahindo. Na ndugu yako Jacques, ambaye jina lake tumeliweka hapa kati ya jamaa bila kumwomba ruhusa. Akitaka litolewe, aje Lobule Jumamosi amwambie Driwaru mwenyewe, ana kwa ana.

Siku zetu zote, Mjomba, utakuwa ukitajwa.